Mwea ya Mpunga: Nani Mwenye Shamba, Nani Mwenye Maji?

Ukiingia Nyamakima, soko la nafaka jijini Nairobi, asubuhi kabla ya jua kuanza kuchoma mabati, utakuta magunia ya mchele yamekunjwa midomo, na juu ya kila gunia pamechomekwa kipande cha katoni chenye maandishi ya kalamu nene: pishori ya Mwea, pishori ya kuchanganya, Pakistan, Tanzania, chenga. Siku moja nilimkuta bwana mmoja wa makamo pale akibishana na mama muuzaji. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwea ni shamba la serikali, kwa hivyo haoni ni kwa nini mchele wake uwe ghali kuliko ule uliovuka bahari. Mama yule alichota mchele kwa kiganja, akaupuliza vumbi, akamjibu bila kumtazama: "Baba, shamba letu liko Mwea tangu sijazaliwa, na sijawahi kuona serikali ikiinama kupandikiza."

Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na ndiyo maana ubishi wao haukuwa na mshindi. Mkanganyiko huo huo ulijitokeza hadharani mwaka 2025, serikali ilipotangaza kwamba tani 500,000 za mchele zingeingizwa nchini bila ushuru, wakulima wa Mwea wakalalamika kwamba mpunga wao umelala maghalani, na Mahakama Kuu ya Kerugoya ikausimamisha mpango huo kwa muda kabla ya kuuruhusu kwa sehemu. Katika matatu na katika mikahawa ya jijini watu waliulizana maswali ambayo kwa kweli ni swali moja: Mwea ni ya nani? Kulijibu hakuwezekani kwa sentensi moja, kwa sababu shamba, maji, mpunga na mji wa Mwea kila kimoja kina mwenyewe wake, na kila kimoja kilipatikana kwa njia yake.

Tuanze na majina. Mwea ni uwanda ulio kusini mwa Mlima Kenya, kilomita mia moja hivi kutoka Nairobi, ambako unafika baada ya kuiacha barabara ya Nyeri pale Makutano na kushika ile ya Embu. Mwea pia ni eneo bunge katika Kaunti ya Kirinyaga. Tena Mwea ni mradi wa unyunyizaji, au skimu kama wenyeji wanavyouita, ambao umechukua sehemu tu ya uwanda huo. Na kwa abiria anayechungulia dirishani, Mwea ni mji, ilhali mji wenyewe unaitwa Wang'uru, na wakazi wengi humwambia kondakta kwamba wanashukia Ngurubani. Ni katika uwanja wa michezo wa Wang'uru ambapo sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika mwaka 2021, na wengi wetu tulilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza siku hiyo, ingawa tulikuwa tumekula jasho la mji ule kwa miaka mingi.

Majina ya zao lenyewe nayo yanahitaji kutengwa. Mpunga ni mmea ukiwa shambani, na pia ni punje ikiwa bado ndani ya ganda lake. Mchele ni punje iliyokobolewa. Wali ni chakula kilicho kwenye sahani. Sisi wa Nairobi tumelifukuza neno wali kabisa na kila kitu tunakiita mchele, jambo ambalo halidhuru mtu mezani, lakini linaleta utata mkubwa mara bei inapotajwa. Mkulima hulipwa kwa kilo ya mpunga, nawe unalipa kwa kilo ya mchele. Kilo mia za mpunga zikipitia kinuni hutoa kilo sitini hivi za mchele, zikizidi sitini na tano. Zilizobaki ni maganda, pumba na chenga. Kwa hiyo anayesikia redioni bei ya mkulima kisha akailinganisha na bei ya Nyamakima, akahitimisha kwamba wafanyabiashara wamejiongezea maradufu, amelinganisha vitu viwili tofauti. Faida ya madalali ipo, sikatai, ila hesabu yake lazima ianze baada ya ganda kuondolewa.

Mifereji iliyochimbwa na wafungwa

Kuna dhana kwamba mpunga ni zao la asili la uwanda ule, kwamba wazee waliukuta pale kama vile watu wa Pwani walivyoukuta kwao. Sivyo. Kabla ya miaka ya 1950 Mwea ilikuwa nyika ya malisho na mawindo, mahali penye joto na mbu, ambapo Wakikuyu wa Ndia na Gichugu, Waembu, Wambeere na Wakamba walipakana bila yeyote kung'ang'ania sana kujenga. Kilichoubadilisha uwanda huo ni vita vya Mau Mau. Mwaka 1954, hali ya hatari ikiwa imepamba moto, serikali ya kikoloni ilikuwa na maelfu ya watu vizuizini na mashaka makubwa kuhusu wasio na ardhi katika nchi ya Wakikuyu. Iliamua kuyaunganisha matatizo hayo mawili: wafungwa wachimbe mifereji, kisha wasio na ardhi wapewe vipande vya kulima chini ya uangalizi mkali. Ndivyo ilivyofanyika Mwea, na pia Perkerra kule Baringo na Hola kando ya Mto Tana, mahali ambapo wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo mnamo Machi 3, 1959, kwa sababu ya kukataa kazi ya namna hiyo hiyo.

Mkazi wa Nairobi asidhani kwamba jambo hili liko mbali naye. Uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa mwaka 1958 ulijengwa kwa mikono ya wafungwa wa wakati huo huo. Na katika uwanda wa Mwea kulikuwa na kambi ya Wamumu, iliyowekwa kwa ajili ya vijana waliokamatwa. Mmoja wa wasimamizi wake, Geoffrey Griffin, baadaye alianzisha jijini Nairobi, mwaka 1959, kituo cha wavulana cha Starehe pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Leo Wamumu ni jina la sehemu mojawapo ya skimu, sambamba na Tebere, Mwea, Thiba na Karaba, na mpunga unaota pale bila kuuliza nani alichimba.

Kwa nini Mwea lakini, na kwa nini mpunga? Jibu liko kwenye udongo na mteremko. Udongo wa sehemu kubwa ya skimu ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao mkazi wa Embakasi au Syokimau anaujua kwa hasara: unavimba ukinyeshewa, unapasuka ukikauka, nao hulazimisha fundi kuuchimba wote na kuutupa kabla ya kuweka msingi wa nyumba. Kile kinachomkera mjenzi ndicho kinachomfaa mkulima wa mpunga, kwa kuwa maji yakishawekwa juu ya udongo ule hayanywei chini upesi. Yanakaa kama kwenye beseni. Mito ya Thiba na Nyamindi nayo inashuka kutoka mlimani ikiwa juu kidogo ya uwanda, hivyo maji yakichepushwa kwenye banio, yaani kizuizi kilichojengwa mtoni, hutembea yenyewe mfereji hadi mfereji. Hakuna pampu, hakuna umeme, ni mwinuko tu. Ukisimama kwenye ukingo wa mfereji mkuu huoni mteremko wowote, lakini maji yanauona.

Aina ya mpunga iliyoipa Mwea sifa pia ilitoka mbali. Pishori kwa jina la kitaalamu ni Basmati 370, mbegu iliyotolewa mwaka 1933 kule Punjab, eneo ambalo sasa liko Pakistan. Kwa hiyo anapobisha mtu Nyamakima kwamba yeye hali "kitu cha Pakistan", anakula Mwea wa Pakistan bila kujua. Tofauti ni kwamba mchele mwingi unaoletwa kutoka huko kwa bei nafuu si wa jamii hiyo yenye harufu. Wala si kila punje itokayo Mwea ni pishori. Aina nyingine hulimwa pale kwa sababu zinazaa zaidi kwa ekari, na wali wake hauna harufu ile. Neno Mwea kwenye gunia linataja mahali, na neno pishori linataja mbegu. Mfanyabiashara mjanja hutegemea kwamba hutayatofautisha maneno hayo mawili.

Leseni bila hati

Sasa tufike kwenye mzozo wa yule bwana na yule mama. Wakulima wa kwanza wa skimu hawakugawiwa ardhi kama watu walivyogawiwa katika miradi mingine ya makazi baada ya uhuru. Walipewa leseni. Kila familia ilipangiwa ekari nne za majaruba, jaruba likiwa ni kile kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta dogo la kuzuia maji, na familia ikawekwa katika mojawapo ya vijiji vya skimu. Mwaka 1966 Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji iliundwa kwa sheria, ikaichukua Mwea pamoja na miradi mingine, na masharti ya leseni yakaendelea kuwa makali vile vile. Mkulima alitakiwa alime mpunga na si kingine, kwa ratiba ya meneja. Mavuno yote yakabidhiwe kwa bodi isipokuwa magunia machache ya chakula. Asifuge bila ruhusa. Amtaje mrithi mmoja tu. Mtoto wake akitimiza miaka 18 hakuwa na haki ya kuendelea kukaa pale pasipo idhini. Na leseni yenyewe ingeweza kufutwa.

Njia rahisi ya kulielewa hili ni kuzifikiria nyumba za baraza la jiji za Kaloleni au Jericho. Kuna familia zilizokaa katika nyumba hizo vizazi vitatu, babu akaingia, baba akarithi, mjukuu akazaliwa na kuolewa humo humo, na mtaa mzima unajua kwamba nyumba ile ni ya akina fulani. Hata hivyo mwenye nyumba kwa karatasi ni kaunti. Akikosana na kaunti, mpangaji hana hati ya kutoa kabatini. Mkulima wa Mwea yuko katika hali ya kufanana na hiyo, tena mbaya zaidi, kwa sababu mpangaji wa Kaloleni angalau haambiwi apike nini. Ndiyo maana bwana yule hakukosea kusema shamba ni la serikali, na mama yule hakukosea kusema shamba ni la kwao. Kilio cha hati miliki kimesikika kila kampeni ya uchaguzi tangu nikiwa na akili, na kila mgombea hukipokea kwa mikono miwili.

Walioumizwa zaidi na masharti hayo ni wanawake. Leseni iliandikwa jina la mume, malipo ya mavuno yakaja kwa jina la mume, ilhali aliyesimama matopeni kupandikiza na kupalilia mara nyingi alikuwa mke. Isitoshe, mpunga haukuwa chakula cha nyumbani. Watu wale walikuwa wala githeri, na mahindi na maharagwe hayaoti kwenye jaruba lenye maji; yanahitaji udongo mwekundu, ambao ndani ya skimu ulikuwa haba. Kwa hiyo mama aliyeishi katikati ya bahari ya mpunga alilazimika kununua chakula sokoni, kwa pesa ambazo hazikupitia mikononi mwake. Njia aliyobaki nayo ni kuyauza kimya kimya yale magunia machache ya chakula, kibaba kwa kibaba. Ukitaka kujua biashara ya mchele ya Ngurubani ilianzia wapi, mimi huamini ilianzia hapo, kwenye vikapu vilivyofunikwa kanga.

Mambo yalivunjika mwaka 1998. Uchumi ulikuwa umelegezwa, bei ya soko huria ilikuwa juu ya ile ya bodi, na mkulima alikuwa akiyaona malori ya wafanyabiashara yakipita huku yeye akisubiri malipo baada ya kukatwa gharama za kulimiwa, mbolea na maji. Wakulima wakakataa kupeleka mpunga kwa bodi, wakaupeleka kwenye chama chao cha ushirika. Mapema mwaka 1999 ghasia zilizuka na vijana wawili wakauawa kwa risasi za polisi. Bodi ikaondoka, na wakulima wakashika kila kitu wao wenyewe: mpunga, kinu cha ushirika, na maji.

Hapa simulizi nyingi huishia, kana kwamba ushindi ulimaliza shughuli. Ukweli ni kwamba kuuza mpunga wako na kuendesha mifereji ya mamia ya kilomita ni kazi mbili tofauti. Mfereji usipotolewa tope kila msimu hujaa, milango ya maji ikiibwa vyuma hakuna wa kuirudisha, na jirani akiamua kulima mpunga nje ya mipaka ya skimu kwa kuchepusha maji usiku, hakuna askari wa kumzuia. Wakulima hao wa nje waliongezeka mno, na wenyeji wakawapa jina ambalo Mnairobi atalitambua mara moja, lile la mafundi wasio rasmi: jua kali. Ilipofika mwaka 2003 pande zote mbili zilikuwa zimechoka, wakakubaliana kugawana kazi. Bodi, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 sasa inaitwa Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyizaji, inasimamia mabanio na mifereji mikuu. Mifereji midogo inasimamiwa na vyama vya watumiaji maji vya wakulima wenyewe. Na mpunga ni wa mkulima, auze atakako.

Zamu

Mtu wa Nairobi hahitaji kufundishwa maana ya mgao wa maji. Kila mtaa una siku yake. Na hata siku hiyo ikifika, wa ghorofa ya chini hujaza mapipa huku wa ghorofa ya tano akisikia bomba likikohoa. Mfereji wa Mwea unafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, isipokuwa ghorofa zake zimelala chini. Aliye karibu na banio yuko kichwani; aliye mwisho yuko mkiani. Maji yakiwa tele hakuna anayejali. Yakipungua, kila anayepitiwa na mfereji ana jembe, ana tuta, na ana usiku wa kutosha kulibomoa tuta hilo kidogo. Wa mkiani huamka na kukuta mfereji una matope yenye nyayo za ndege.

Hivyo basi chama cha watumiaji maji kimsingi ni chama cha kuchunga zamu. Wakulima wanaoshiriki mfereji mmoja huchagua viongozi wao, hulipa ada, hutoka siku iliyopangwa kuuzibua mfereji, na huafikiana ni sehemu gani ipande mapema na ipi ingoje. Niliwahi kusimama kwenye lango moja dogo la maji nje ya Wang'uru alfajiri, wakati wa kulainisha mashamba. Lango lenyewe lilikuwa bamba la chuma lililopakwa kutu na mkono wa kulizungusha, na juu yake palikuwa na kufuli. Mzee aliyekuwa na ufunguo aliufunga kwa kamba shingoni kama kitambulisho. Alilizungusha mara tatu, akahesabu kwa vidole mistari iliyochongwa ukutani ili kujua kimo cha maji, akarudisha nusu zungusho, akafunga kufuli. Kijana mmoja aliyekuwa akimngoja alimwambia, "Guka, ongeza kidogo tu." Mzee hakumjibu, alinyoosha kidole kuelekea mashariki, kule mkiani, kisha akapanda baiskeli yake akaondoka.

Dhana moja ya kawaida ni kwamba mpunga husimamishwa majini kwa kuwa unayapenda kama samaki. Mpunga unayavumilia maji. Magugu mengi hayayavumilii, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufurika shamba. Kumbe basi unaweza kuyapunguza iwapo uko tayari kupalilia. Tangu mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta wakiongozwa na Profesa Bancy Mati wamekuwa wakiwaonyesha wakulima wa Mwea mtindo wa kupandikiza miche michanga mmoja mmoja kwa nafasi pana, na kulimwagia shamba maji kisha kuliacha likauke kabla ya kumwagia tena. Maji yanaokolewa na mazao hayapungui. Anayesitasita kuufuata mtindo huo si mjinga: anajua kwamba akiyaacha maji yapite leo, hana hakika yatarudi zamu yake ikifika.

Hakika hiyo ndiyo iliyokusudiwa na bwawa la Thiba, lililojengwa kule Rukenya katika eneo la Gichugu na kufunguliwa rasmi mwaka 2022. Linabeba mita za ujazo milioni 15.6. Kwa kulinganisha, Ndakaini, ambalo ndilo tegemeo kuu la maji ya Nairobi, linabeba milioni 70. Kwa hiyo Thiba si ziwa la kumaliza kiu ya uwanda. Ni pipa la akiba la kuvukia kiangazi. Kabla yake, wakulima wengi walipanda mara moja kwa mwaka, wakiotesha vitalu katikati ya mwaka na kuvuna kuelekea Krismasi, kisha wakaacha machipukizi ya visiki yazae kidogo kwa mara ya pili. Bwawa limewezesha misimu miwili. Lakini jua kali nao wameomba waingizwe rasmi katika ratiba, na kila ekari inayoongezwa huusogeza mkia mbele.

Hapa pia ndipo tunapoweza kumjibu anayesema kwamba Mwea ikipanuliwa Kenya itaacha kununua mchele nje. Mwea hutoa takriban asilimia 80 ya mpunga unaolimwa nchini. Hata hivyo mchele wote unaozalishwa Kenya hutosheleza takriban sehemu moja ya tano tu ya ulaji wetu, ambao unakaribia tani milioni moja kwa mwaka. Uagizaji haukwepeki, kinachowaumiza wakulima ni majira. Meli ikitia nanga Mombasa wiki ile ile ambayo kombaini zinaingia mashambani, mnunuzi hana haja ya kubembeleza.

Mji uliokua kando

Wang'uru haukupangwa na mtu. Skimu ilipangwa kwa rula, vijiji vyake vikapewa nambari na mipaka, lakini ndani ya mipaka hiyo kijana aliyetimiza miaka 18 hakuwa na mahali, duka halikuruhusiwa kuchipuka popote, na hakuna aliyethubutu kujenga nyumba ya mawe juu ya leseni. Watu na pesa vilipokosa nafasi ndani, vilimwagika barabarani. Hivyo mji umejipanga kwa urefu kando ya barabara ya Embu: vinu vya kukoboa vinavyonguruma mchana kutwa, maghala, benki, maduka ya dawa za mimea, na safu ya akina mama wenye mizani na mifuko ya kilo mbili ambao hulikimbilia kila gari linalopunguza mwendo. Watu wake walitoka Nyeri, Murang'a, Embu na Ukambani, na Kikuyu kinachosemwa sokoni kina ladha ya pande zote hizo.

Kalenda ya mji ni kalenda ya jaruba. Wakati wa kupandikiza, vibarua husimama kwenye njia panda kabla ya mapambazuko, wengi wao wanawake, wakachukuliwa kwa makundi. Humo shambani hutembea kinyumenyume kwa mstari mmoja, migongo imepinda, miche kwenye mkono wa kushoto. Punje zikianza kujaa maziwa, ndege wa kweleakwelea hufika kwa maelfu, na mashamba hugeuka uwanja wa kelele: makopo, mijeledi, kombeo, vijana wakipokezana kupiga mbinja tangu jua likichomoza hadi lizame. Tangu mwaka 2020 ameongezeka adui mwingine, konokono mwenye asili ya Amerika ya Kusini, ambaye hutafuna miche michanga na kutaga mayai ya rangi ya waridi kwenye mabua na kuta za mifereji. Mavuno yakija, ng'ombe huburuta mizigo mahali ambapo magurudumu yangezama, na nyasi ya mpunga hufungwa marobota yanayosafirishwa kwa wafugaji wa Kiambu. Hata maganda yana mnunuzi, kwa maana yanatandikwa kwenye mabanda ya kuku.

Suala la afya nalo lina fumbo lake. Kila mtu huchukulia kwamba penye maji yaliyotuama pana malaria zaidi. Watafiti waliochunguza vijiji vya Mwea mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliwakuta mbu wengi mno katika vijiji vya mpunga, kama ilivyotarajiwa, lakini malaria ikawa kidogo kuliko katika vijiji jirani visivyo na mpunga. Sababu kubwa waliyoitaja ni ng'ombe: mbu wengi wa pale walikuwa wakinywa damu ya mifugo iliyolala karibu na nyumba, si ya watu. Hilo halimaanishi kwamba chandarua hakihitajiki. Kichocho kwa upande wake hakina fumbo. Vimelea vyake huishi ndani ya konokono wadogo wa majini, humpenya ngozi anayekanyaga maji, na mtoto anayeogelea mfereji siku ya joto hujiwekea maradhi ya miaka.

Tatizo ambalo wenyeji hulizungumza kwa sauti ya chini zaidi ni la mgawanyo. Leseni ilimtaja mrithi mmoja, lakini mzee aliye na wana watatu na mabinti wawili hawezi kuwaambia wanne wakatafute maisha Nairobi, ijapokuwa wengi walifanya hivyo na ndio majirani zetu wa Kayole na Githurai. Kwa hiyo ekari nne zimekuwa moja moja, na moja zimekuwa robo, kwa makubaliano ya nyumbani yasiyo kwenye daftari lolote la skimu. Daftari bado linasoma jina la babu. Zamu ya maji vile vile inahesabiwa kwa jina la babu.

Asubuhi ile, baada ya mzee wa ufunguo kuondoka, yule kijana aliyeomba kuongezewa hakuenda zake. Alifika mwingine na jembe, kisha wa tatu, akiwa amefunga mtoto mgongoni, na nikaelewa kwamba walikuwa ndugu. Maji yalikuwa yakiingia kwenye jaruba la kwanza, la kaka mkubwa. Yule dada alipanda juu ya tuta lililogawanya la kaka na lake, akapima kwa macho, akachota udongo kwa jembe kwenye kona moja ili yapite. Kaka yake alitazama saa kwenye simu. "Mpaka saa mbili," alisema. Dada akaketi kwenye tuta, akamfungua mtoto mgongoni, wakawa wanayatazama maji yakija.